Michembe ya Jabalini

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kuwa kitu chema hakihitaji kupigiwa debe, kwa kuwa wenye haja nacho watakitafuta wenyewe hata kikiwa kimefichwa, ilhali kitu kibovu hakina budi kuzungushwa mlango kwa mlango. Methali hii ni rahisi kuisema. Kuiishi ni kazi nyingine, hasa pale jirani yako anapokuwa na kipaza sauti.

Kati ya Didia na Tinde, kando ya barabara ya lami, palikuwa na kaya ndogo ya Bujiku na mkewe Mbuke, ambaye watu walimwita Mama Sesilia kwa jina la binti yao wa pekee. Mbele ya nyumba Mbuke alikuwa na genge lake: meza ya fito, paa la nyasi, na juu ya meza nyanya, karanga na mapapai. Lakini sifa ya genge hilo ilikuwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kukaushwa juani. Mbuke aliianika juu ya jabali lililokuwa nyuma ya nyumba, mwendo wa hatua mia tatu za kupanda. Kila asubuhi alilifagia jabali hilo, akalimwagia maji na kulisubiri likauke kabla ya kuweka kipande cha kwanza. Aliyeuma michembe ya Mbuke alisikia utamu wa kiazi na si kitu kingine.

Ng'ambo ya barabara alikaa Deusdedit, mtu mcheshi, mkarimu wa maneno na mvivu wa kupanda mlima. Yeye alianika michembe yake ukingoni mwa lami, palepale magari yalipopita. Kipaza sauti chake kiliimba kutwa nzima, "Michembe, michembe mitamu, karibu mteja!" Kila basi liliposimama alikuwa wa kwanza dirishani. Sauti ile iliwafanya hata kuku wa Mbuke wahame kivuli.

Bujiku alikuwa akiitazama shughuli hiyo ya ng'ambo huku moyo ukimuuma. Binamu yake, Pantaleo, alikuwa amemwita Geita wakachimbe dhahabu pamoja katika duara moja, kama wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Ili kupata sehemu katika duara hilo, ilimpasa auze maksai wake wawili.

"Mama Sesilia, biashara ni kelele," alimwambia mkewe. "Wewe umekaa kimya kama uko kanisani. Genge lisipochangamka mpaka mnada wa mwisho wa mwezi, nawauza hawa maksai, naenda zangu."

Mbuke alishtuka. Bila maksai, nani angelima matuta ya viazi mwaka unaofuata? Tena kaka yake mwenyewe aliingia machimboni miaka minne iliyopita, na hakuna aliyeleta hata salamu zake. Hakutaka kumpoteza na mume.

"Baba Sesilia, nipe huo muda," alisema. "Ila kelele sizijui."

Wiki hiyohiyo Mbuke alipata msiba kwao, akaondoka kwa siku tatu. Alimwachia Bujiku viazi vilivyokwisha kukatwa, akamwagiza avianike jabalini. Bujiku alikitazama kile kilima, akayatazama matenga, kisha akaitazama barabara. Akajiambia kwamba huu ndio wasaa wa kumsaidia mkewe apende asipende. Akatandika magunia ukingoni mwa lami na kumwaga vipande vyote hapo, wasafiri wavione. Wasafiri waliviona kweli. Upepo wa Julai nao uliviona, na malori yakapita yakitimua vumbi juu ya vipande vilivyokuwa bado vibichi na vyenye kunata.

Mbuke alirudi siku ya nne mchana, khanga ya msiba ikiwa bado kiunoni. Alimkuta mgeni akimsubiri gengeni na magunia mawili matupu. Huyo alikuwa Mwanaima, mama lishe anayewapikia wachimbaji upande wa Geita. Dereva mmoja wa lori alikuwa amemwonjesha michembe ya Mbuke, naye akafunga safari.

"Pole na msiba, Mama Sesilia. Mzee amenionesha mzigo," Mwanaima alisema akiuelekeza mkono kwenye lundo. "Nijazie yote mawili. Vijana wangu wengi ni Wasukuma, nikiwapikia michembe kwa karanga wanasahau hata kugombana."

Mbuke alichukua kipande akakiuma, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kuuza. Mchanga ukasaga katikati ya meno. Akachukua cha pili, mchanga. Aligeuza macho, akayaona magunia yaliyotandikwa kando ya lami, akaelewa. Bujiku aliinamisha uso.

"Dada, mzigo huu siwezi kukuuzia," Mbuke alisema polepole. "Umeingia mchanga."

"Mchanga kidogo tu. Nitaosha."

"Ukiiosha itaota ukungu kabla hujafika. Shambani nina viazi vingine. Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili wachimbaji wangu wale nini?" Mwanaima aliuliza, na hakuwa na ubaya katika kuuliza. Alikunja magunia yake, akavuka barabara. Deusdedit aliyajaza mpaka shingoni huku kipaza sauti kikiendelea kuimba.

Bujiku alisubiri mpaka mgeni akapanda basi. "Mteja amekuja mwenyewe, umemfukuza kwa mdomo wako."

"Nimemwambia kilichomo."

"Basi mnada ukifika, maksai wanakwenda. Tumemaliza."

Mbuke angeweza kumkumbusha ni nani aliyeleta mchanga ule, na mimi ningekuwa yeye ningemkumbusha kwa sauti ya kufika Kahama. Yeye aliimwaga michembe yote zizini, ng'ombe wakala. Alilia, tusimfanye jiwe, kisha akachukua jembe akaenda matutani. Siku zilizofuata alichimba, akamenya, akakata, akapanda na matenga mpaka jabalini, akijua kwamba huenda anaanika michembe ya mwisho.

Siku ya mnada ilifika. Asubuhi Bujiku aliwatoa maksai, kamba mkononi, akashika njia. Hata hajalipita genge, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikasimama mbele yake. Akashuka Mwanaima akiwa na wanawake wengine wawili. Deusdedit alikuwa ameshawafikia.

"Karibu mteja wangu! Leo nina mzigo mpya."

"Asante, baba, lakini hapana," Mwanaima alijibu. "Nilimwaga sufuria mbili nzima. Kijana mmoja aliniuliza kama nimewapikia chakula au kokoto za duarani." Akamgeukia Bujiku. "Namtafuta yule mama aliyekataa kuniuzia. Hawa wenzangu nao ni mama lishe, wanamtaka huyohuyo. Mtu anayeweza kukunyima mzigo mbovu, siku akikupa mzuri huna haja ya kuonja."

Mbuke alitoka na tenga. Mwanaima hakuonja. Alifungua magunia tu, na wenzake wakafungua ya kwao.

"Kila baada ya wiki mbili tutakuja. Utaweza?"

Mbuke alimtazama mumewe na ile kamba. "Muulize Baba Sesilia. Matuta yanalimwa na maksai wake."

Aibu ilimpanda Bujiku, na nafurahi kusema kwamba hakuikimbia.

"Mama," alimwambia Mwanaima, "ule mchanga wa siku ile ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyeanika barabarani. Huyu hakunitaja hata kwa jicho." Kisha akawageuza maksai, akawarudisha zizini. Alipotoka huko alikuwa na ndoo ya maji na ufagio, akakwea kilima kuelekea jabalini bila kutumwa.

Jioni Deusdedit alivuka barabara, ufagio wake mpya kwapani.

"Mwadila, mayu," alisalimu kwa Kisukuma, akimwita mama kwa unyenyekevu. "Hilo jabali lina nafasi ya mtu mwingine?"

"Mwadila. Jabali ni la Mungu," Mbuke alimjibu akicheka. "Ila mimi naanza kufagia alfajiri."

Siku hiyo kipaza sauti kilizimwa mapema, na kuku wakarudi kivulini mwao. Barabara ilikuwa kimya, lakini kirikuu kilichosheheni michembe ya mwanamke asiyejua kelele kilikuwa kimekwisha kupita Tinde. Hakika, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.