Jani la Isale

Sogeeni motoni, wanangu, tufike pamoja.

Usiku Aikande alikuwa akifunga mzigo wa kupanda kilele cha Kibo, akachote maji ya theluji ya kumponyesha mwanawe. Sauti ya mama yake ikaita nje: "Mwanangu, acha blanketi, litakulemea."

"Mama, na baridi ile?"

"Usinibishie!" Akaliacha.

"Acha na ndizi za kuchoma." Akaziacha.

"Acha na jani la isale."

Jani hilo la kuwaomba radhi wenye mlima, mama yake mwenyewe ndiye aliyelikata asubuhi! Akalipenyeza chini ya mlango. Nje kitu kikalia kama fisi, kikakimbia.

Alfajiri akafungua. Nyayo zisizo na vidole zilielekea Kibo, kwa njia ile ile aliyokusudia kupita. Ndani mtoto akakohoa.

Aikande akaliokota jani, akajitwika mzigo wote, akazifuata.