Zamu Ishirini na Nne Zilizopotea Kivukoni

“Masaa sita, Bwana Fisi! Masaa sita nimesimama hapa kama kisiki, na mbele yangu bado wako kumi na wawili!”

“Usinipigie kelele, Mama Nyumbu. Foleni ni foleni. Ukitaka isiyo na watu, kaipange nyumbani kwako.”

“Nyumbani ningekuwa na nyasi, ningekuja kuutazama uso wako?”

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, kisha wakanyamaza upesi, maana Fisi alikuwa ameanza kutazama nani kacheka.

Ukame ulikuwa umekausha upande wote wa huku. Jani bichi lilibaki ng’ambo ya mto tu, na mto ulikuwa na mamba. Kwa hiyo Kiboko alikuwa akivusha mnyama mmoja mmoja mgongoni, kwenda na kurudi dakika kumi. Desturi ya kivuko ilikuwa hii: watoto huvushwa kwanza alfajiri, mama zao hufuata kwa foleni. Ndama wa Nyumbu alikuwa ng’ambo tangu alfajiri, na hakuwa amenyonya.

Msimamizi wa foleni alikuwa Fisi. Simba ndiye aliyempa kazi hiyo, kwa sababu Fisi alimsifia manyoya ya shingo mbele ya wake zake. Kazi ya kwanza ya Fisi ilikuwa kuihamisha foleni nyuma ya matete marefu. “Nawahurumia na jua,” alisema. Huruma ya Fisi! Na wanyama wazima, wenye akili zao, wakamshukuru.

Juu ya kichuguu kando ya foleni alikaa Sungura na vijiti vyake. Hiyo ilikuwa siku ya tatu. Kijiti kimoja kwa kila anayefika, kimoja kwa kila anayeondoka, kimoja kwa kila mpulizo wa Kiboko anaporudi kutoka ng’ambo. Walimcheka mpaka wakachoka. “Wenzake wanasomea kutafuta chakula,” alisema Nyani, “yeye anasomea kungoja.”

Sasa Sungura akashuka.

“Mama Nyumbu, ulipofika saa moja asubuhi, mbele yako walikuwa wangapi?”

“Ishirini na wanne. Niliwahesabu mmoja mmoja.”

“Na Kiboko kwa saa moja anavusha sita. Ishirini na wanne ni masaa manne. Saa tano ulipaswa kuwa unapanda mgongoni. Sasa ni saa saba.”

“Kiboko kachoka,” alidakia Fisi. “Anapumzika.”

“Hajapumzika. Tangu saa moja amepuliza maji mara thelathini na sita. Safari thelathini na sita! Lakini kwenye foleni hii wameondoka kumi na wawili tu.”

Foleni nzima ikageuza shingo.

“Hesabu yako imeoza,” alisema Fisi.

“Nami niliogopa hivyo, ndiyo maana nikaijaribu kwa Kasuku kwanza.” Kasuku ndiye aliyekuwa akipeleka salamu ng’ambo, moja moja, kila moja dakika tano. “Zikimngoja salamu nne, ya kwako inaondoka baada ya dakika ishirini. Zikija haraka kuliko mabawa yake, zinarundikana, na mrundikano wake naujua kabla haujatokea. Siku tatu kwa Kasuku hesabu imekaa sawasawa. Kwa Kiboko haikai. Basi hesabu ni nzima, Bwana Fisi. Foleni yako ndiyo imetoboka.”

Wakaenda kwa Simba, aliyekuwa amejilaza kivulini. Sungura akaeleza upya, polepole. Simba akasikiliza amefumba macho, na ilipofika ile kumi na mbili kutolewa kwenye thelathini na sita, akafumba zaidi.

“Hilo nililijua tangu jana,” alisema.

“Basi, Mtukufu, unajua pia zilizopotea ni zamu ngapi.”

“Nataka useme wewe, wasikie.”

“Ishirini na nne.”

“Ndiyo hiyo hiyo niliyoipata.”

“Kwa kuwa umekwisha kujua,” alisema Sungura, “sina la kukufundisha. Naomba kitu kimoja. Foleni itoke nyuma ya matete, inyooke ukingoni, mkia wake uone kichwa.”

“Jua litawaua!” alilia Fisi. “Mzee Simba, nawaonea huruma!”

“Tuache tufe tukiona,” alisema Nyumbu.

Simba akakubali, foleni ikahama, naye akaifuata. Wanyama walipojipanga ukingoni, wakamkuta Kiboko amegeuzia nchi kavu mgongo wake mpana, macho yake majini. Alipoulizwa alikuwa akimbeba nani, alishangaa. “Mimi natazama mamba. Anayepanda nasikia uzito wake tu.”

Hapo hapo matete yakatikisika, akatokea Pundamilia. Alipitia kinjia chembamba kilichokanyagwa vizuri, na mdomoni, yeye mla nyasi tangu kuzaliwa, alikuwa ameng’ata mfupa mnene wa paja.

Akaiona foleni. Foleni ikamwona.

Fisi angenyamaza tu, Pundamilia angebaki na aibu yake peke yake. Lakini ule mfupa ulikuwa na uboho. Mate yakaanza kumdondoka Fisi. Akatazama pembeni, akarudi akautazama. Akakaza taya, zikaachia.

“Lete!” akapayuka. “Lete upesi, upande! Mbona umenichelewesha?”

Pundamilia akauachia mfupa. “Nimeuokota tu njiani,” alisema kwa sauti ndogo.

Fisi hakumsikia. Alikuwa ameurukia, na mbele ya mfalme na foleni nzima akaanza kuuvunja, kwa mlio uliofika ng’ambo. Nyani akaingia ndani ya matete, akatoka amekumbatia mifupa. “Ishirini na mitatu, yote imetafunwa,” alitangaza. “Na huo wa mdomoni ni wa Pundamilia.”

“Huyo hajavuka,” alisema Sungura. “Tafuta mwingine.”

Nyani akarudi, akautoa wa ishirini na nne chini ya jiwe alilozoea kulalia Fisi.

Simba akanguruma. Akamvua Fisi usimamizi, akamwamuru asimame mkiani mwa foleni, juani, bila mfupa. Pundamilia akamfuata bila kuambiwa. Kisha mfalme akatikisa manyoya na kutazama huku na huku, akingoja kusifiwa.

“Haki imetendeka,” alisema. “Mama Nyumbu, kwa ukarimu wangu, nenda mbele ya foleni.”

Nyumbu alitazama ng’ambo. Maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka yanadondoka mavumbini. Akawatazama wale kumi na wawili waliokuwa mbele yake, na watano kati yao walikuwa mama kama yeye.

“Siruki mtu,” alisema. “Hawa nao wameibiwa. Sungura, wakivushwa na Kiboko mmoja ni muda gani?”

“Masaa mawili.”

“Na wakiwa viboko wawili, foleni ikiwa hii hii moja, anayefikiwa akipanda aliye tayari?”

“Saa moja.”

“Mtukufu,” alisema Nyumbu, “kule chini ya mti wa mtondoo yuko Kiboko mwingine, amelala tangu asubuhi.”

“Huyo ni wangu,” alisema Simba. “Mfalme hapangi foleni. Anakaa tayari, nikitaka kuvuka.”

“Umetaka leo?”

Simba akageuka kuutazama mtondoo.

“Fisi ulimweka wewe,” alisema Nyumbu. “Tunakudai zamu ishirini na nne. Mwamshe.”