Nakijwa Ajitwika Machela

Paukwa!

Mbona mnaitika kama mmelala na njaa? Paukwa! Enhe, hiyo ndiyo pakawa. Nisogezeeni kigoda. Na wewe Kibacha, ukianza kusinzia nitakumwagia maji, mimi sina mchezo.

Hapo kale, kale ile milima yetu ilipokuwa bado mibichi na mito bado inajichagulia njia, kulikuwa na kijiji juu kabisa, mahali ambapo ukiteleza asubuhi unafika bondeni jioni. Mnacheka? Chekeni. Watu wa huko walilima maharage na magimbi, wakashiba. Shida yao ilikuwa moja tu: mganga na mkunga walikaa chini bondeni, na mgonjwa hawezi kushuka mlima ule kwa miguu yake. Ndiyo maana walikuwapo wabeba machela. Watu wanne, miti miwili mirefu, katikati kamba zilizosukwa, juu yake mgonjwa. Baragumu likilia, wanatupa majembe wanakuja. Hawakupokea hata kibuyu cha togwa. Ukiwapa kitu wanakuuliza, "Kwani siku ya kunibeba mimi utanidai?"

Basi masika moja mbebaji mmoja akavunjika nyonga. Wakabaki watatu. Baragumu likalia, watatu wakaja, wa nne hakupatikana. Watu wakatazamana. Huyu mgongo unamuuma, yule ana wageni, yule mbuzi wake wamepotea. Toba! Mgonjwa akafia uani, juu ya machela ambayo haikuinuliwa. Jirani yake, mwanamke aitwaye Nakijwa, ndiye aliyekuwa amemshika mkono, na mkono ule ulipopoa aliona aibu kwa niaba ya kijiji kizima.

Nakijwa huyu alikuwa manju wa nyimbo za kulima. Mabega, kifua, sauti, vyote Mungu alimpimia kwa pishi kubwa. Akipaza sauti shambani, hata mvivu jembe lake linainuka. Alipomaliza matanga ya jirani yake, akapiga moyo konde, akaenda kwa Mzee Senzighe, mkubwa wa wabeba machela.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Si kwema. Nimekuja kushika nafasi ya nne."

Pale alikuwapo Mkwizu, mbebaji mwenye ulimi mrefu. Akaangua kicheko. "Mwanamke kwenye machela! Dada, hii si kuni."

"Kuni ninazobeba mimi, Mkwizu, wewe ungezizunguka tu na kuzipa pole."

Lo! Mzee Senzighe akamtazama Nakijwa kutoka utosini hadi unyayoni, akasema, "Njoo. Lakini huku kuna kujifunza."

"Baba, kubeba nako kunafundishwa?" Nakijwa akajibu, na moyo wake ulikuwa juu, maana alijiona ameshaweza.

Safari yake ya kwanza walimbeba babu mmoja mwenye donda la mguu. Walipoianza njia, Nakijwa akaona wenzake wamenyamaza kimya, kila mtu anatembea kivyake. Ala! Hii kazi gani ya wafiwa? Ninyi mnatujua sisi watu wa milimani. Tunalima kwa wimbo, tunatwanga kwa wimbo, tunakokota magogo kwa wimbo. Kazi bila wimbo kwetu ni adhabu. Basi ingekuwa wewe, ungefanyaje? Nakijwa akafungua kifua, akaimba.

Na wimbo wake si mnajua ulivyokuwa? Miguu ikausikia kabla ya vichwa. Kushoto wote, kulia wote. Kushoto wote, kulia wote. Machela ikaanza kuruka. Inapanda inashuka, inapanda inashuka, na babu wa watu juu yake anapanda anashuka, anapiga kelele, "Mnaniua! Mnaniua jamani!" Nakijwa akadhani anaitikia wimbo. Akazidi kupaza sauti.

"Shusha!" Mzee Senzighe akanguruma. Wakashusha. Kidonda kilikuwa kimefumuka, damu inachuruzika mpaka kwenye kamba. "Shambani tunakanyaga pamoja. Hapa kila mguu una wakati wake. Miguu ikienda pamoja, machela inaruka. Ikipishana, inatulia. Mimi nilikwambia kuna kujifunza. Nakijwa, ulikuja kubeba au ulikuja kusikika?"

Uso ukamshuka. Alibeba hadi bondeni akiwa kimya, akarudi nyumbani akiwa kimya, na habari ilikuwa imemtangulia. Kisimani wanawake wakimwona wanachezesha mabega, kushoto, kulia, wanacheka. Nakijwa akaweka mtungi chini, akalia, kisha akakata shauri harudi tena. Mwenye kutaka kubeba na abebe, yeye ana shamba lake.

Lakini ule mkono uliopoa mkononi mwake haukumwacha. Kulipokucha hakwenda shambani. Kwanza alikwenda kwa yule babu wa kidonda, akapiga magoti mlangoni.

"Baba, nisamehe. Nimekuja kukuuliza kitu ambacho nilipaswa kukuuliza kabla. Mtu akiwa juu ya machela, nini kinamtesa zaidi?"

Babu akanuna kidogo, haki yake. Halafu akasema, "Kuteremka kichwa kikitangulia. Unaona miti imepinduka. Na kingine, ninyi mnaobeba hamumsemeshi aliye juu. Huku juu mtu unakuwa mzigo."

Nakijwa akalibeba neno hilo mpaka kwa Mzee Senzighe. "Baba, sijui kubeba. Nifundishe."

Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Wakaweka chungu cha maji juu ya machela, na kila jioni baada ya shamba wakapanda nacho na kuteremka nacho. Mwanzoni maji yalimwagika, Mkwizu akacheka. Yakamwagika tena, Mkwizu akacheka. Yakapungua kumwagika, Mkwizu akanyamaza. Siku maji yalipofika yote, Mkwizu mwenyewe ndiye aliyempa Nakijwa mkono. "Dada, kumbe na sisi tulikuwa tumepata mtu."

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penyewe. Mvua ikanyesha, ile mvua ya kuchimba njia, na baragumu likalia. Nambike, mke wa watu, mimba ya kwanza, amekaa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Mama yake amejifunga kanga kichwani analia. Wabeba machela wakaja, wanne, hakuna aliyeulizwa yuko wapi. Nakijwa akashika mti upande wa kichwa, wakaanza kuteremka, miguu mbele, kichwa nyuma.

Matope! Maji yanakimbia njiani, mawe yanahama. Nambike akashika mti kwa mikono miwili, akaanza kupiga mayowe. "Dada Nakijwa, niimbie! Naogopa, nakufa, niimbie!"

Mwe! Wimbo ulimfika kooni. Angeweza. Kijiji kizima kingesema alimwimbia. Lakini alijua miguu ya wenzake ingeufuata, na chini yao kulikuwa na korongo.

"Sikuimbii, mdogo wangu," akasema. "Nitakuongelesha. Nitazame mimi. Sasa tunapita kwenye jiwe, utatikisika kidogo. Umeona? Tumelipita. Sasa tunakata kona. Maumivu yako wapi? Mgongoni? Haya, pumua. Mkwizu yuko mbele, usimwogope, ni mbaya wa sura tu."

"Nasikia!" Mkwizu akasema kutoka mbele, na Nambike akacheka katikati ya machozi.

Akamwongelesha njia nzima. Kwenye mteremko wa mwisho Mkwizu akateleza, akaenda goti moja, mti wake ukainama. Nakijwa akauzuia uzito wote begani, ngozi ikachubuka, hakusema ah. "Hiyo ni Mkwizu anasalimia ardhi," akamwambia Nambike. Mkwizu akainuka, wakafika.

Mkunga akamwingiza ndani. Wale wanne wakakaa nje kwenye mvua. Wakakaa. Wakakaa. Kisha kikasikika kilio chembamba, na mkunga akatoa kichwa mlangoni akasema, "Mama mzima, mtoto mzima. Mngechelewa kidogo tu ningewapa habari nyingine."

Nakijwa akalia kwa sauti, hakumficha mtu. Mzee Senzighe akamwambia, "Lia, mwanangu. Hayo machozi umeyatolea jasho."

Mwaka ukapinduka. Asubuhi moja wabeba machela wako pale wanasuka kamba, wakamwona Nambike anapanda njia, mtoto amemwacha kwa mama yake. Amejifunga kibwebwe.

"Mmoja wenu akichoka, mimi nipo," akasema. "Dada Nakijwa, sijui kitu. Nianzie wapi?"

Nakijwa akamtazama, akajisikia fahari ambayo hakuna sifa ya shambani iliyowahi kumpa. Akasogea, akampa nafasi kwenye mti.

"Umeshaanza, kwa kuuliza," akamwambia.

Tangu hapo, wanangu, baragumu likilia kule juu wanakuja wengi mpaka wanagombania mti. Nakijwa na Nambike hao ndio bibi zenu, na mkitembea popote tembeeni kifua mbele. Kutoa ni moyo, hilo mnalisikia kila siku. Mimi nawaongezea: moyo peke yake unaweza kumfumua mtu kidonda. Ukitaka kumsaidia mwenzako, muulize kwanza, jifunze, kisha urudi na kesho.

Mimi nimefika mwisho wa kamba yangu. Aliyeipenda na aende nayo kwao, aliyekuwa anasinzia shauri yake.