Mifuko Mitatu ya Mtoto Asiye na Jina

Hapo zamani, kabla watu hawajazoea kununua kila kitu dukani, palikuwa na mama mmoja akiitwa Mwantumu, na mume wake akiitwa Mfuniko. Naona mnacheka. Chekeni, lakini jina hilo lina asili yake, na hadithi yote imekaa hapo.

Kwa kina Mfuniko mtoto hapewi jina mpaka atimize siku arobaini. Siku hiyo anapandishwa mlimani kwa bibi mkubwa wa ukoo, Bi Kaje, ambaye anainjika chungu cha uji. Kabla uji haujatokota, mama wa mtoto ataje somo, yaani mtu ambaye mtoto atachukua jina lake. Na somo haokotwi tu. Somo ni yule ambaye mfuko wake umebeba vitu vya mtoto katika safari ile ya kwanza. Mama akisitasita mpaka uji ukatokota, basi tena, Bi Kaje anampa mtoto jina la kitu cha kwanza kinachomjia mdomoni. Siku aliyopelekwa mume wa Mwantumu, mfuniko wa chungu ulidondoka. Siku aliyopelekwa shemeji yake, bibi alikuwa na mafua, na mpaka leo jitu zima lenye ndevu linaitwa Kikohozi. Posa zake tatu zimekataliwa.

Sasa Mwantumu amezaa binti, mashavu tele, na hataki mwanawe aje aitwe Mwiko. Kazi yake ni moja tu, achague mfuko.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mkwe, Bi Mwamvita, na kikapu cha ukindu alichokisuka mwenyewe. "Mwanangu, tazama," alisema. "Mdomo mpana, ukichungulia unaona kila kitu. Ukikiweka chini kinasimama chenyewe, hakiegemei ukuta kama mlevi. Mama mwenye mtoto mkononi anataka nini zaidi?"

Mwantumu akaona ni kweli.

Kesho yake akaja wifi yake, Sikudhani, fundi cherehani, na mkoba wa kitambaa cha mwavuli. "Wifi, kikapu cha mama ni kizuri, lakini mvua ikinyesha utakuwa umebeba supu. Huu haupitishi tone. Una vijaluba tisa, vifuko vya pembeni, kila siku nimeshona kimoja, siku tisa. Soksi hapa, kofia hapa, sabuni hapa. Mkanda unauvusha begani, mikono yote miwili inabaki ya mtoto."

Mwantumu akaona hilo nalo ni kweli.

Siku ya tatu akafika mama yake mzazi, Bi Tunu, kutoka mbali, miguu imevimba, ameshika kanga kuukuu.

"Mama, mfuko uko wapi?"

"Si huu hapa?"

"Mama, hii ni kanga."

"Ni kanga mpaka niipige fundo. Vitu vichache, furushi dogo. Vitu vingi, furushi kubwa. Haina uzito, haina kona ya kumgonga mtoto. Na ulipokuwa mchanga, vyako vyote nilivifunga humu humu."

Mwantumu akaona ni kweli kabisa, na machozi yakamtoka.

Hebu jiwekeni mahali pake. Mama mkwe anapika naye jiko moja, kila siku iendayo kwa Mungu. Wifi amemfulia nepi tangu siku ya kwanza na hajakunja uso hata mara moja. Mama mzazi ndiye aliyemzaa, na kwao hakuna mtoto mwingine. Ukimchagua mmoja umewakosa wawili. Mwantumu akaumwa kichwa, akanywa chai, kikaendelea kuuma. Mwisho akapata wazo, akajiona mjanja.

"Twende na mifuko yote mitatu," alisema. "Kila mmoja apakie wake. Utakaomfaa mtoto njiani ndio utakaohesabiwa."

Wakakubali wote watatu haraka mno. Hapo ndipo angepaswa kushtuka.

Asubuhi ya siku ya arobaini Mfuniko alitangulia mlimani kuwapasulia kuni. Nyuma wakafuata wanawake wanne na mtoto mmoja, mtoto yuko mgongoni kwa mama yake ndani ya mbeleko, na kila mwenye mfuko anautazama wa mwenzake kwa pembe ya jicho. Walipofika nusu ya mlima mvua ikaanza. Na mtoto naye, kama aliyekuwa akiisubiri, akajinyea. Si kidogo. Kilipita nepi, kikapita nguo, kikapita mbeleko, kikamfikia Mwantumu mgongoni.

"Nepi," alisema Mwantumu. "Nipeni nepi, jamani."

Sikudhani akafungua kijaluba cha kwanza, soksi. Cha pili, soksi. Cha tatu, kofia. Mpaka cha tisa, na ndani ya cha tisa mlikuwa na kitana, na mtoto mwenyewe hana nywele. Bi Mwamvita akainama kwenye kikapu, akatoa chupa ya chai, akatoa vikombe, akatoa vitumbua alivyomkaangia Bi Kaje, maana na yeye ana mama mkwe, ndiye huyo. Bi Tunu akafungua fundo: mafuta ya nazi, sabuni, ubani.

Nepi hamna. Nepi kumi na nane zilibaki nyumbani, zimekunjwa vizuri kitandani, kwa sababu kila mtu alikuwa amewaza jambo moja. Mfuko wangu utafunguliwa mbele ya Bi Kaje, kitoke kitu cha heshima. Nepi atabeba mwingine.

"Mimi nilijua mkwe mwenzangu ameziweka," alisema Bi Mwamvita.

"Nami nilijua mwenye vijaluba tisa hakosi nafasi," alijibu Bi Tunu.

"Vijaluba vidogo, mama," alisema Sikudhani, na kutazama pembeni.

Mtoto akalia mpaka akawa mwekundu. Bi Tunu akakung'uta kanga yake, vitu vyote vikaanguka kwenye majani, akaishika kwa meno na kuichana vipande. Kanga ya miaka ishirini na mitatu. Kipande kimoja akampangusia mjukuu, cha pili akamfunga nepi.

Lakini mbeleko ilikuwa haifai tena, na mgongo wa Mwantumu vilevile. Mtoto abebwe na nini kwenye utelezi ule? Bi Mwamvita akashusha pumzi, akamwaga vitumbua vyake porini, vyote, akatandika kikapu kwa majani ya mgomba na kipande kingine cha kanga, akamlaza mtoto ndani. Kikapu kikasimama chenyewe, kama alivyosema.

Mvua ikazidi. Mtoto amelala kikapuni na matone yanampiga usoni. Sikudhani akatoa wembe wake wa ushonaji, akafumua mkoba, mshono mmoja baada ya mwingine, kazi ya siku tisa, akautandaza kuwa paa juu ya kikapu. Soksi na kofia akazisokomeza kifuani mwake.

Wakapanda hivyo. Wawili wanashika kikapu, mmoja anashika paa, na Mwantumu nyuma amebeba mbeleko yenye harufu na chupa ya chai. Wakafika kwa Bi Kaje wameloa chepechepe, mtoto mkavu, anakoroma.

Chungu kilikuwa motoni tayari. Bi Kaje, ambaye macho yake hayaoni vizuri, akauliza, "Mfuko uliobeba vitu vya mtoto ni wa nani?"

"Wangu," alisema Bi Tunu. "Bila kanga yangu angefika uchi. Sina kanga nyingine ya ujana wangu."

"Wangu," alisema Bi Mwamvita. "Nepi bila kitanda ingefika na nani? Nami nimekuja kwa mama mkwe wangu mikono mitupu, mara ya kwanza tangu niolewe."

"Wangu," alisema Sikudhani. "Angefika amefungwa nepi, amelala kitandani, na homa ya mapafu."

Wote wakamgeukia Mwantumu. Akamtazama mama mkwe, akamtazama wifi, akamtazama mama yake aliyekuwa akikunja kipande cha kanga kisichozidi leso. Aliwapenda wote, na alitamani kuwazaba vibao wote. Uji ukaanza kutoa mapovu pembeni.

Bi Kaje akanyoosha mkono kikapuni, akapapasa, akagusa kitambaa kilichochanika.

"Hiki nini?" aliuliza. "Tambara?"

Mwantumu akahisi moyo unampasuka. Tambara binti Mfuniko. Nani atamposa?

Nanyi mlioketi hapa mkila karanga zangu, msininyamazie. Wote watatu walisahau nepi, na wote watatu walitoa walichokithamini. Je, somo ni nani, aliyechana, aliyemwaga, au aliyefumua? Jibuni upesi, uji unapanda na bibi ameshafungua mdomo.