Fimbo ya Wageni

Mtu mmoja alikuwa na ng'ombe wa maziwa, uzio wa matete, na hofu. Ng'ombe aliwarithi kwa baba yake. Uzio aliujenga mwenyewe. Hofu alipewa na majirani. Jina lake Ambilikile. Mkewe aliitwa Tusajigwe, na yeye ndiye aliyeyaona haya yote kwa karibu, kwa sababu bakuli la chakula lilikuwa mikononi mwake.

Wezi wa mifugo walikuwa wamepita kijiji cha pili. Ambilikile akaamua kutafuta mbwa. Alikwenda na mkewe kwa Kissa, mjane muuza maziwa, shangazi yake, ambaye mbwa wake alikuwa na watoto walioacha kunyonya. Kissa alichagua dume jeusi lenye doa jeupe kifuani, akaliweka mikononi mwa Tusajigwe, kisha akasema aliyotaka kusema. Bwana mifugo amchome sindano zote. Kabla hazijaisha asiwekwe chini penye kupita mbwa wengine, maana maradhi yao hubaki udongoni. Lakini asifungiwe. Abebwe kwenye kikapu akaone watu: wazee, watoto, mwenye kofia, mwenye mwavuli, mwenye mkongojo. Asikie mashine ya kusaga kutoka mbali, siku nyingine asogezwe kidogo. Akikakamaa, rudini nyuma. Akitulia, mpeni kipande cha gimbi. Na wakati wa kazi hiyo ni sasa, kwa kuwa moyo wa mbwa huwa wazi angali mdogo, na haukawii kufungwa.

"Shangazi," Ambilikile akasema, "nimekuja kuchukua mlinzi, sikuja kuchukua mchumba."

"Hata mchumba, mwanangu, ukimfungia atakuuma."

Walicheka wote watatu. Ambilikile alicheka kuliko wenzake, na alipofika nyumbani akapigilia mbao za banda.

Katika kijiji kile watu walikuwa na elimu yao juu ya mbwa. Waliamini kwamba mbwa aliyezoea watu ni rafiki wa mwizi. Kwa hiyo mtoto wa mbwa aliingizwa bandani, mlango ukazibwa kwa gunia asione nje, na ugali wake ukatiwa pilipili. Langoni iliegemezwa fimbo. Waliiita fimbo ya wageni. Aliyekuja kusalimia aliichukua, akaenda hadi bandani, akagonga mbao mara kadhaa kwa nguvu na kufoka, kisha akairudisha fimbo mahali pake na kukaribishwa chai. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu. Mgeni ambaye hakugonga alitazamwa vibaya, maana ilisemekana anataka mbwa asimwogope, na anayetaka hivyo ana nia yake. Basi hata wasiopenda kugonga waligonga, ili wasidhaniwe wezi.

Ambilikile alimpa mbwa wake jina la Hatujuani. Alipenda kulitamka kwa sauti wakati watu wanapita njiani.

Walikuja majirani, wakagonga. Alikuja mwenyekiti wa kitongoji, akagonga huku akizungumza habari za barabara. Alikuja mwalimu. Katekista alipokuja aligonga polepole, kisha akaomba radhi kwa kugonga polepole, akarudia. Baada ya hapo walikaa, wakanywa chai kwa magimbi, wakaulizana hali za watoto. Hakuna aliyeomba kufunuliwa gunia. Walikuwa wakimpiga kiumbe wasiyemjua sura, na chai ilikuwa tamu.

Kissa alikuja mara moja tu katika kipindi hicho. Fimbo aliiona, akaipita. Alikunywa chai yake, akaaga. Jioni majirani walimwonya Ambilikile awe macho na shangazi yake.

Tusajigwe alifuata desturi ya nyumba aliyoolewa, ila asubuhi, akipeleka bakuli, aliinua pembe ya gunia. Mtoto wa mbwa alikuja akitambaa kwa tumbo, akaegemeza pua kwenye kifundo cha mkono wake, akabaki hivyo. Siku moja mume wake alipokuwa kwenye migomba ya mbali alimtia kwenye kikapu, akamfunika kanga, akaenda naye mpaka kwenye kona ya njia. Akapita mzee mwenye mwavuli. Hatujuani alificha kichwa kwapani mwa Tusajigwe. Baada ya muda akakitoa. Akamtazama yule mzee mpaka alipopotea kwenye kona, na mkia wake, ambao Tusajigwe hakuwahi kuuona ukifanya kitu, ukagonga ukingo wa kikapu. Hapo mwanamke alijua kwamba jambo hili linawezekana.

Ambilikile aliambiwa na waliowaona. Alirudi na misumari, akalikaza gunia pande zote, akaacha tundu la kupitisha bakuli tu.

"Unamharibu," alisema.

"Namwonyesha watu tu, baba."

"Ndiko kumharibu kwenyewe."

 Tusajigwe akakitundika kikapu ukutani, kikajaa vumbi.

Mbwa alikua gizani, na sauti yake ikakua pamoja naye. Alibweka mvua ilipoanza na ilipoacha. Alimbwekea kuku, alilibwekea jani la mgomba likipasuka kwa upepo, alimbwekea Tusajigwe mwenyewe. Majirani walisifu. Walisema sasa Ambilikile ana mbwa. Kisha, jioni moja ya mvua kubwa, mtu aliingia nyuma ya uzio, akamfungua mtamba mwenye mimba, akaondoka naye. Hatujuani alibweka, kama alivyobweka tangu asubuhi. Waliokuwa ndani hawakuinua hata kichwa. Mbwa anayembwekea mwizi na jani kwa sauti ileile ni sawa na bubu.

Kesho yake watu walijaa uani kutoa pole, nao walikuwa na elimu mpya. Mwenyekiti alisema tatizo la mbwa huyu ni kwamba hajazoea watu. Mwalimu alikubali. Katekista alisema hata yeye alikuwa akiliwaza jambo hilo. Walishauri apelekwe mnadani, siku ya mnada wa mifugo, akaone watu wote kwa pamoja, amalize. Walisema hivyo wakiwa wameshika vikombe, na kila mmoja wao alikuwa amegonga mbao wakati akiingia.

Tusajigwe alimfuata mume wake zizini. Alimwomba aanze na mtu mmoja, aliyekaa, asiye na kitu mkononi. Kesho mwingine. Waliondoe gunia kwanza, mbwa azoee hata mwanga.

"Mtamba ameshaibwa," Ambilikile akajibu. "Nina miezi ya kumbembeleza mbwa mimi? Ataona yote siku moja."

Alimvuta kwa mnyororo mpaka mnadani. Palikuwa na malori, vipaza sauti, mbuzi wanaolia, wanunuzi wanaosukumana, na wachunga wanaopiga bodi za mbao za magari kwa fimbo ili ng'ombe wapande. Hatujuani aliisikia sauti ile ya mbao, akalala chini. Mkia ulikuwa chini ya tumbo. Alijikojolea. Watu wakafanya duara.

"Ndiye mlinzi huyu?" mmoja akauliza. "Au wewe ndiye unayemlinda?"

Kicheko kikapita duara zima. Ambilikile akaona aibu, na mtu mwenye aibu akiwa na mnyororo mkononi ni hatari kuliko mbwa.

Kissa alikuwa pale na madumu yake ya maziwa. Aliliona doa jeupe kifuani, akamtambua mtoto aliyempokea wakati anazaliwa. Akaweka madumu chini. Alikuja kwa ubavu, hakumkabili. Alichuchumaa mbali kidogo, akatazama pembeni, akanyoosha mkono mtupu, akasubiri. Kila alichofanya kilikuwa sawa. Mbwa aliinua pua. Tusajigwe, aliyekuwa amesimama nyuma ya mume wake, aliona mkia ukitoka chini ya tumbo kidogo.

Ambilikile naye aliona, akadhani kazi imekwisha. Alitaka watu waone. Akauvuta mnyororo mbele kwa nguvu, akasema, "Haya, msalimie bibi yako." Mnyororo ulimtupa mbwa juu ya yule mwanamke, na nyuma hapakuwa na pa kurudi. Hatujuani akauma mkono ule, mkono pekee wa mgeni katika kijiji kizima ambao haukuwahi kushika fimbo juu yake.

Zahanati waliuosha mkono kwa sabuni na maji ya bomba muda mrefu, wakaufunga, wakamwanzishia Kissa sindano za kichaa cha mbwa, kwa kuwa Ambilikile hakuwahi kumwita bwana mifugo hata mara moja. Walimwambia asikamue mpaka mkono upone. Kissa hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kukamua.

Wakakutana uani kwa Ambilikile kuhukumu. Mbwa alikuwa bandani, gunia limepigiliwa tena. Mwenyekiti alisema kijiji hakiwezi kuishi na mnyama mkatili. Mwalimu alisema wapo wanaozaliwa hivyo. Ambilikile alisimama akafuta macho, na machozi yalikuwa ya kweli.

"Nimemlisha kwa mkono wangu," alisema. "Ukatili huu kautoa wapi, mimi sijui."

Kissa alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono kifuani. Alisema mkono uliojeruhiwa ni wake, na yeye hajamshtaki mbwa. Aliomba apewe amchukue, amtazame kwa siku alizoagiza bwana mifugo, akiwa mzima abaki naye. Watu walimhurumia. Walidhani ni homa.

"Shangazi, unamtetea aliyekuuma?" Ambilikile aliuliza.

Kissa akawatazama mmoja mmoja, mpaka waliokuwa karibu na lango.

"Tangu alipotoka kwangu ninyi mmemfundisha kwamba mtu ni fimbo, leo mnamuua kwa sababu ameamini."

 Katekista alitazama viatu vyake. Ukimya ulikaa kiasi cha mtu kuweza kusimama na kusema, mimi niligonga. Mtu huyo hakusimama. Tusajigwe alifungua kinywa, akakumbuka misumari na gunia na asubuhi zote alizonyamaza, na kabla hajapata pa kuanzia mwenyekiti alikuwa ameshasema tuendelee.

Waliing'oa misumari ya gunia, wakamtoa kwa mnyororo. Hakubweka. Mwanga wa mchana ulimfanya afumbe macho. Wengi wa waliokuwa pale hawakwenda mnadani, na hiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kumwona.

"Kumbe ni mdogo hivi," katekista alisema.

Wakamuua kwa fimbo ya wageni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Walipoondoka, Tusajigwe aliiokota. Sehemu ya kushikia ilikuwa laini na inang'aa, kama mpini wa jembe lililolima miaka mingi. Mkono mmoja haulainishi mti namna ile. Aliivunja kwa goti, akaiingiza jikoni chini ya chungu cha maharage. Jioni mume wake aliiulizia.

"Nimepikia," alisema.

Ambilikile hakugomba. Alichukua panga, akaenda nyuma ya zizi, akarudi na fimbo nyingine. Miti haikosekani.

Ndugu wa uzao mmoja na Hatujuani, jike la rangi ya chai, alikuwa amebaki kwa Kissa. Alibebwa kwenye kikapu mpaka sindano zake zikaisha. Baadaye alitembezwa kwa kamba hadi kwa seremala, hadi nje ya kanisa, hadi mahali ambapo mashine ya kusaga inasikika, na hatimaye hadi mlangoni pa mashine yenyewe. Siku hizi hulala miguuni pa wanunuzi wa maziwa, nao humruka wakipita. Mwezi ule ambao Kissa alikuwa hawezi kukamua, mtu alijaribu kutoa ndama wake kwa nyuma. Mbwa alibweka, na majirani wakatoka na mapanga kabla mwizi hajafika njiani, kwa sababu sauti ile hawakuwa wameizoea.

Majirani walioona hayo walisema Kissa ana bahati.

Ambilikile alimfuata shangazi yake kuomba mtoto wa uzao mwingine. Kissa alimkaribisha, akampa chai, akamwambia watoto wapo, ila nyumba ya kuwapeleka bado hajaiona. Akaondoka amekasirika. Akapata mbwa kwingine, na kumpata hakukuwa kazi, kwa kuwa wanaogawa bila kuuliza ni wengi.

Banda ni lilelile. Gunia ni jipya. Fimbo iko langoni, maganda yake bado mabichi, haijapata mikono ya kuilainisha. Tusajigwe amekitungua kikapu ukutani, amekikung'uta vumbi, na asubuhi ya leo amekiweka mbele ya mlango wa banda, akaketi kando yake, mgongo wake ukiwa umeegemea zile mbao, ili atakayetaka kugonga aanze na yeye. Mume wake amemwambia aondoke, wageni wanakuja. Hajaondoka. Chai iko motoni.

Nanyi mnaonisikiliza ndio wageni wenyewe. Mtakapofika pale, mkapewa ile fimbo, mkaambiwa ni kidogo tu, ni desturi, na chai inapoa, mtaishika?