Kisima cha Kitopeni Kiitwe Nani?

Kaeni vizuri, mwenye usingizi akalale kwao. Fumbo hili nilimpa hata mwalimu aliyeniambia sitafika popote. Anajikuna kichwa mpaka leo.

Mji wetu wa Kitopeni ulikuwa na wanawake watatu wa kutajwa. Mwanamvua alifinyanga vyungu visivyovuja. Siwema aliimba vijembe vya kumtoa mtu jasho. Wa tatu, jina lake Mgeni, hakujua kufinyanga wala kuimba. Yeye alijua kutoogopa tu.

Siku hizo kura ilikuwa kokoto ndani ya chungu, kila upande na chungu chake, na waliotia kokoto ni wanaume peke yao. Ikaja kura ya kisima. Wanaume walikitaka karibu na baraza yao ya bao. Wanawake, wabebaji wa maji, walikitaka karibu na nyumba. Jumbe, mkuu wa mji, akacheka: "Mwanamke kazi yake kuchota, si kuchagua."

Mwanamvua akabeba vyungu vyake vya kura, akavirudisha kwake. "Pigieni kura kofiani!" Wakapiga kweli, mafundi hao! Kofia zikapinduka, kokoto zikachanganyika, wazee wazima wakakabana kanzu. Kura ikavunjika.

Wiki hiyohiyo Jumbe akamwoza binti yake. Siwema akasimama arusini mbele ya Jumbe na ngoma: "Kofia imezaa mawe, baba yake ni nani?" Uwanja ukaangua kicheko, Jumbe mwenyewe akacheka mpaka machozi. Aliyekwisha kucheka hivyo atanuna vipi tena? Akawaambia wanawake: "Haya, leteni vyungu, na ninyi mtie!"

Lakini majumbani waume wakatoa vitisho. Siku ya kura wanawake walijaa uwanjani, kokoto mkononi, hakuna aliyenyanyua mguu. Mgeni akatoka. Mumewe akamzibia njia: "Ukitia hiyo, huna ndoa."

"Basi nifungie nguo zangu, bwana. Nikitoka hapa nazipitia."

Akatia. Kokoto ikalia chunguni, ko! Wanawake wote wakamfuata. Bibi yangu alikuwemo, ndiyo maana mimi natembea kifua mbele.

Mgeni aliachwa kweli. Kokoto za wanawake zikazidi, kisima kikachimbwa karibu na nyumba, na ukingoni pana nafasi ya jina moja tu. Ndugu wa Mwanamvua wanasema: vyungu visingeondoka, wanaume wangeshamaliza kura yao. Wa Siwema: bila wimbo, Jumbe asingelegea. Wa Mgeni: bila yeye, ruhusa ingeozea uwanjani.

Haya, mjuaji, vyungu vitatu hivi hapa, na kokoto unayo mkononi. Unaitia chungu cha nani?