Padre Aliyeonja Divai ya Sikukuu

Waliotutangulia katika imani hawakuzificha aibu zao, na ndiyo sababu habari hii ya Padre Hilari Nambanga imetufikia. Husimuliwa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemhadithia kila shemasi aliyepelekwa kwake kujifunza kazi, na kila alipofika katikati alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Padre Hilari, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa kasisi wa mtaa wa Chiwambo, mbali bara nyuma ya Lindi, zamani zile kanisa lilipokuwa la udongo na nyasi, lakini uvumba ukifukizwa kana kwamba lina kuba la dhahabu. Alikuwa mtu wa sala. Alisoma Misa kila asubuhi, na kila Jumamosi aliketi kusikiliza vitubio hadi mgongo ukafa ganzi. Jambo lake kubwa lilikuwa kufunga. Desturi ya wakati ule ilimtaka kila atakayepokea Komunyo asitie kitu kinywani tangu usiku wa manane, hata maji, naye Padre aliishika desturi hiyo kama mlinzi anavyoshika rungu. Watu wa namna hiyo nawafahamu. Ukitaka kumwona mmoja, nitazame mimi wiki ya kwanza ya Kwaresima. Wiki ya pili usinitazame.

Basi Pasaka moja, mjane aitwaye Blandina Namtapa alitembea siku mbili kutoka kijijini kwake, akapiga magoti mbele ya madhabahu pamoja na wenzake. Padre alipomfikia na Sakramenti, yule bibi akanong'ona, "Padre, mimi nimeonja kidogo alfajiri. Sijui kama..."

"Rudi nyuma, bibi," Padre akamkata, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Meza ya Bwana si jikoni kwako."

Wawili watatu wakacheka. Bibi Blandina akajifunika kanga usoni, akatoka.

Miezi ikapita, ikaja Sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, msimamizi wa mtaa ule. Divai ya Misa ilikuwa imekwisha, na wapagazi waliokuwa wakileta nyingine kutoka pwani wakachelewa njiani kwa sababu ya mguu wa mmoja wao. Walifika asubuhi ya sikukuu yenyewe, kengele ya pili ikilia na watu wamejaa hadi nje. Sasa, divai iliyosafiri juani hugeuka siki, na siki haifai kwa Misa. Padre alikuwa na mazoea ya kuionja kila iletwapo, siku ya kawaida, baada ya chakula cha mchana. Akazibua chupa, akamimina kidogo kikombeni, akanywa funda moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mwalimu Kanuti, msaidizi wake, akaingia sakristia, chumba cha kuvalia, na chetezo cha uvumba mkononi. "Vipi, Padre, ni nzima?"

"Nzima kabisa. Tamu, haina hata..."

Hapo Padre Hilari akakumbuka ni siku gani. Kikombe kikabaki hewani.

"Kanuti," akasema, "nimekunywa."

"Umenusa," Kanuti akasema upesi.

"Nimekunywa, Kanuti. Nimemeza."

Mwalimu akachungulia mlangoni, akarudi. "Sikiliza, baba. Watu wale wametembea. Wengine wamelala njiani. Hakuna padre mwingine karibu, na Misa bila padre kupokea haiwezekani. Funda moja! Mimi sikuona kitu, na masikio yangu unayajua, yalikufa tangu mwaka juzi."

"Bibi Blandina naye alionja kidogo."

"Bibi Blandina yumo humo leo," Kanuti akasema. "Ukimwona tu utatoboa siri. Usitazame upande wa wanawake."

Padre akakaa juu ya sanduku la mavazi. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na watu watapata Misa yao. Akisema, jina lake la miaka kumi na tisa linakwenda na maji, na watu wanarudi bila Misa. Alikiri baadaye kwamba hakuwaza sana habari za Mungu wakati ule, aliwaza nyuso za watu. Kisha akaivua kasula, vazi la juu la Misa, akaikunja, akatoka na kanzu yake nyeusi tu.

"Ndugu zangu," akasema, "leo hakuna Misa. Nimeonja divai kabla ya wakati. Kosa ni langu peke yangu."

Minong'ono ikapanda. Mzee mmoja akaguna, "Na sisi tuliorudishwa je?"

"Nilikuwa mwepesi kuwarudisha," Padre akajibu. "Nisameheni." Na ndani ya moyo wake, alisimulia baadaye, aliona amefanya jambo zuri, la kishujaa kidogo.

Akaendelea, "Ipo Sakramenti iliyohifadhiwa kwa ajili ya wagonjwa. Ni kidogo, itawatosha wazee wachache. Bibi Blandina, njoo uwe wa kwanza."

Bibi hakuinuka. "Padre," akasema kutoka pale alipoketi, "kunirudisha hakukuniudhi. Sheria nilikuwa naijua. Lakini hukuniuliza nimeonja nini. Niulize leo."

Padre akamgeukia. "Ulionja nini, bibi?"

"Uji wa mjukuu wangu. Alikuwa na homa, nilimbeba mgongoni siku zote mbili. Nikauonja nisimuunguze ulimi. Nilimleta umwekee mikono baada ya Misa."

"Na... mtoto yuko wapi?"

"Niliona haya kurudi ndani. Nikamchukua kule nje nilikomlaza, tukaondoka, homa ikazidi tukakwama. Nilimzika Jumatano, huko huko njiani."

Padre Hilari akaifungua tabernakulo, kisanduku kilichoihifadhi Sakramenti, akaishusha hadi mkekani alipokaa yule bibi. Akapiga magoti mbele yake. Bibi akapokea. Kisha akamshika Padre mkono, akamwambia, "Inuka, baba. Wapo wengine wanaongoja."

Naye akainuka, akaenda kwa mwingine.

Ndugu msomaji, Padre yule alitoka sakristia kuungama funda la divai, akadhani ndiyo dhambi yake. Nasi tu hodari wa kuungama funda, hasa tukijua litasifiwa. Lile zito mara nyingi hatulijui hata sisi wenyewe. Tuliyemkosea ndiye anayelijua, naye amekaa kimya nyuma, kanga usoni, akingoja aulizwe. Mola atujalie kuuliza mapema, kabla ya Jumatano.